Orodha ya Umma Isomeke na Kila Mkazi: Majedwali ya Kurasa Nyingi na Wanaosoma kwa Masikio

Haya ni maandishi ya mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti kwa wakazi, wahudumu wa ofisi za wadi na vijana wanaotengeneza tovuti, yaliyotolewa Lucky Summer.

 

Nimekuja kuzungumzia jambo ambalo mwanzoni linaonekana kuwa la watu wa kompyuta, lakini linamgusa kila mwenye jina kwenye orodha ya serikali. Orodha hizo mnazijua. Kuna orodha ya wanafunzi waliopata basari. Kuna orodha ya miradi iliyotengewa pesa katika kila wadi: barabara, taa, mitaro, zahanati. Kuna orodha ya ploti na kodi zake, na ya waliogawiwa vibanda sokoni. Siku hizi nyingi huwekwa kwenye mtandao, na karibu zote huja kama jedwali, yaani mistari inayolala na safu zinazosimama.

Jedwali likiwa refu hukatwa kurasa. Unaonyeshwa mistari 10 ya kwanza, na chini yake kuna vitufe vya kwenda ukurasa wa pili, wa tatu, na kuendelea. Anayeona hutupa jicho, akabonyeza, akapata jina lake, akaendelea na shughuli zake. Mkazi asiyeona naye ana simu na ana bando. Ana pia programu inayomsomea kwa sauti yaliyo kwenye skrini. Lakini jedwali likiwa limetengenezwa vibaya, anaweza kusikiliza nusu saa na mwisho akaamini kwamba jina lake halimo, kumbe limo ukurasa wa sita.

Hapo ndipo penye uzito. Basari ina tarehe ya mwisho ya kupeleka fomu. Pingamizi kuhusu thamani ya ploti ina muda wake. Mkutano wa bajeti una siku yake. Mtu akiamini kwamba hayumo, hatakwenda ofisini kudai. Atakaa nyumbani, na tarehe itapita.

Jinsi sikio linavyosoma

Programu ninayoizungumzia huitwa kisoma skrini. Kwenye simu nyingi za Android imo tayari, na jina lake ni TalkBack. Kwenye iPhone ni VoiceOver. Kwenye kompyuta kuna JAWS, iliyoanza mwaka 1989, na kuna NVDA, iliyoanzishwa Australia mwaka 2006 na vijana wawili wasioona, Michael Curran na James Teh. NVDA haiuzwi, hupatikana bure. Hapa kwetu, shirika la inABLE lilianza mwaka 2009 kuwafundisha kompyuta wanafunzi wa shule ya wasioona ya Thika. Kwa hivyo tusidhani tunazungumzia watu wachache wa mbali. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu zaidi ya Wakenya 330,000 wenye ugumu wa kuona, bila kuhesabu watoto wa chini ya miaka 5.

Jicho huona jedwali zima kwa mara moja. Likitaka kujua kiasi cha pesa kilichotengewa Lucky Summer, huteremka hadi kwenye jina, likavuka kulia hadi kwenye kiasi. Sikio haliwezi hivyo. Sikio hupokea kisanduku kimoja, kisha kingine. Kaunti ya Nairobi ina wadi 85. Jedwali la wadi zote lenye safu 5 lina visanduku 425. Anayesikiliza hawezi kuvisikiliza vyote, wala halazimiki, kwa sababu visoma skrini vina njia za mkato. Kwenye NVDA, herufi T humpeleka mtu kwenye jedwali moja kwa moja, na kwa kushika Ctrl na Alt pamoja na vitufe vya mishale, hutembea kutoka kisanduku hadi kisanduku, juu, chini, kulia na kushoto.

Lakini njia hizo hufanya kazi tu ikiwa jedwali ni jedwali la kweli. Yaani aliyelitengeneza ameiambia kompyuta: hapa ni kichwa cha safu, hapa ni jina la mstari, hapa ni takwimu. Hapo msikilizaji akivuka kulia atasikia, “Kiasi kilichotengwa,” kisha nambari. Kama vichwa vimeandikwa tu kwa wino mzito bila kuwekewa alama, atasikia nambari tupu. Milioni tatu za nini? Za mwaka gani? Atalazimika kurudi juu kila mara kuuliza safu ile ni ya nini.

Chukueni mfano wa eneobunge letu. Ruaraka ina wadi 5, nazo ni Babadogo, Utalii, Mathare North, Lucky Summer na Korogocho. Mara nyingi mtengenezaji huandika neno Ruaraka mara moja, kwenye kisanduku kirefu kilichounganishwa kushuka wadi zote tano, ili jedwali lipendeze. Jicho linaelewa. Kisoma skrini kikifika mstari wa Lucky Summer huenda kikasema “tupu” mahali pa eneobunge, au kikaruka kabisa, na takwimu zote zikasogea safu moja. Dawa yake ni rahisi: andika Ruaraka mara tano. Karatasi itajaa kidogo, lakini kila mstari utajitegemea.

Shida ya kugeuza ukurasa

Sasa tufike kwenye kurasa, maana hapo ndipo wengi hupotezwa.

Shida ya kwanza ni ukimya. Msikilizaji anabonyeza kitufe cha “Inayofuata”. Kwenye skrini mistari mipya imeingia, lakini sauti haisemi kitu. Hajui kama mtandao ni mzito, kama kitufe kimekufa au kama amefika mwisho. Anabonyeza tena. Tayari ameruka ukurasa mzima, na pengine jina lake lilikuwa humo.

Shida ya pili ni kutupwa mwanzo. Baadhi ya tovuti, kila unapogeuza ukurasa, hukurudisha juu kabisa: nembo, menyu, picha ya uzinduzi, viungo vya idara zote. Tuseme hapo juu kuna vitu 30 vya kupita kabla ya kufika kwenye jedwali. Wadi 85, mistari 10 kila ukurasa, ni kurasa 9. Kuzimaliza ni kugeuza mara 8. Hiyo ni kupita vitu 240 visivyohusika, na bado hujasoma mstari hata mmoja.

Shida ya tatu ni vitufe visivyo na majina. Mtengenezaji ameweka mshale tu. Anayeona anajua ni wa kwenda mbele. Kisoma skrini kinasema “kitufe” na kunyamaza, au kinasoma ile alama ya hesabu ya “kubwa kuliko”. Nambari za kurasa nazo husomwa “moja, mbili, tatu”, bila kusema uko kwenye ipi, kwa sababu ukurasa uliopo umeonyeshwa kwa rangi peke yake. Rangi haisikiki.

Shida ya nne ndiyo mbaya zaidi, na hata wanaoona huwapata. Ni kutafuta. Mtu anatumia kitafutio cha kivinjari, Ctrl na F, anaandika jina la mwanawe. Jibu: halipo. Lakini kivinjari kimetafuta kwenye ukurasa uliofunguliwa tu. Kurasa nyingine 8 bado hazijaletwa kwenye simu au kompyuta yake, kwa hivyo kwa kivinjari hazipo. Anayeona angalau ataona chini kuna nambari 2 hadi 9, aingiwe na shaka. Asiyeambiwa kuna kurasa 9 atachukua jibu hilo kuwa la mwisho.

Hapo wengine huuliza: mbona tusiondoe hizi kurasa, orodha yote ikae pamoja? Kwa orodha ya wadi 85, naam, iweke yote, si ndefu. Lakini orodha ya maelfu ya majina ikifunguka kwa pamoja hula bando, na simu ya bei nafuu hukwama. Kurasa zina faida yake. Tunachotaka ni kila ukurasa ujitambulishe.

Kinachotakiwa

Vijana wa kompyuta, sehemu hii ni yenu. Wazee, vumilieni kidogo.

Anzeni na kichwa cha jedwali chenyewe, kwa alama ya caption, kinachosema jedwali ni la nini, la mwaka gani na la wadi zipi. Vichwa vya safu viwe th vyenye scope, na jina la kila mstari vilevile. Vitufe vya kurasa viwe kwenye eneo moja lenye jina, tuseme “Kurasa za orodha ya basari”, na kila kitufe kijieleze: “Ukurasa wa 4”, “Ukurasa unaofuata”. Ukurasa uliopo uwekewe aria-current. Kitufe kisichofanya kazi kwa sababu umefika mwisho kiseme hivyo.

Kisha wekeni sentensi moja ya hali, kwenye eneo la aria-live, inayosomwa kila ukurasa unapogeuzwa: “Ukurasa wa 3 kati ya 9, mistari 21 hadi 30 kati ya 85.” Msikilizaji asiondolewe alipo. Au kama mnamhamisha, mpelekeni kwenye kichwa cha jedwali, si kwenye nembo ya tovuti. Sentensi hiyo moja huondoa nusu ya matatizo niliyoyataja. Itamfaa pia mzee mwenye mtoto wa jicho anayekuza maandishi hadi skrini inabeba visanduku viwili tu.

Wekeni kisanduku cha kutafuta kinachopekua orodha yote, nacho kitangaze matokeo: “Majina 2 yamepatikana,” au “Hakuna jina lililopatikana katika orodha yote.” Wekeni kichujio cha wadi, ili mkazi wa hapa achague Lucky Summer na kusoma mistari yake tu. Kila ukurasa uwe na anwani yake, ili mtu akituma kiungo kwa jirani kifunguke palepale, si ukurasa wa kwanza.

Msisahau lugha. Ukurasa wa Kiswahili uwekewe alama ya lang ya Kiswahili. Sauti inayokuja na NVDA inajua Kiswahili, lakini ikiambiwa maandishi ni ya Kiingereza itasoma “mtaa” na “zahanati” kwa matamshi ya Kiingereza, na msikilizaji atabaki kukisia.

Haya si mapendekezo yangu peke yangu. Miongozo ya kimataifa ya WCAG, inayotolewa na muungano wa W3C, inataka jedwali liwe na vichwa vinavyotambulika na kompyuta. Tangu toleo la 2.1 la mwaka 2018, inataka pia ujumbe wa hali usomwe bila kumwondoa mtu alipo. Toleo la 2.2 lilitoka Oktoba 2023. Kenya nayo ilizindua mwaka 2022 kiwango chake cha kitaifa, KS 2952, kuhusu vifaa na huduma za teknolojia kufikiwa na watu wenye ulemavu. Anayepewa kazi ya kutengeneza tovuti ya umma anaweza kuandikiwa masharti hayo kwenye mkataba tangu mwanzo. Ni rahisi kuliko kubomoa baadaye.

Muhuri na picha

Wahudumu wa ofisi, nanyi mna sehemu yenu, nayo haihitaji ujuzi wa kutengeneza tovuti. Desturi yetu ni hii: orodha inachapwa kwenye kompyuta, inapigwa chapa, inatiwa sahihi na muhuri, inapigwa picha au kuskaniwa, kisha inatumwa kwenye vikundi vya WhatsApp. Muhuri ni muhimu, unamhakikishia mkazi kwamba orodha si ya uongo. Lakini kwa kisoma skrini cha kawaida orodha hiyo sasa ni picha. Inaweza kuwa na majina 200, na mkazi akasikia neno moja tu: “picha”.

Msiache muhuri. Tumeni zote mbili: nakala yenye muhuri, na faili ileile ya Excel au Word iliyotangulia muhuri. Faili hiyo mnayo tayari, ndiyo iliyochapwa. Andikeni pia maneno machache ya ujumbe: orodha ni ya nini, ina majina mangapi, mwisho wa pingamizi ni lini, na mtu aulize wapi.

“Si ana mtoto wa kumsomea?”

Swali hili huulizwa, na mara nyingi huulizwa kwa nia njema. Ni kweli, tunasaidiana. Lakini fikirieni orodha yenyewe. Pengine ni ya wenye malimbikizo ya kodi ya ardhi. Pengine ni ya msaada ambao mtu hakutaka jirani ajue ameomba. Mtu mzima anayelipa kodi hastahili kumkabidhi mhudumu wa saiba nambari yake ya kitambulisho ndipo ajue hali ya ploti yake. Na huyo mtoto wa kumsomea yuko shuleni mchana, saa ambazo ofisi ziko wazi.

Sheria nayo imeshasema. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara, Breli au njia nyingine ya mawasiliano inayomfaa. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, katika kifungu chake cha 5, inataka habari zisambazwe kwa kuzingatia haja ya kuwafikia watu wenye ulemavu. Na mwaka 2025 tumepata Sheria mpya ya Watu wenye Ulemavu, iliyochukua mahali pa ile ya 2003. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Habari iliyotangazwa kwa namna ambayo mwenyewe haifikii, haimlindi.

Mkazi afanye nini?

Kwanza, jaribuni wenyewe. Leo jioni, kila mwenye simu ya Android afungue mipangilio, aingie sehemu ya ufikiaji, awashe TalkBack. Mjue kwamba ikishawashwa, kugusa mara moja kunasoma tu, na kugusa mara mbili haraka ndiko kunakofungua. Kupangusa kidole kulia kunakupeleka kwenye kitu kinachofuata. Funga macho, fungua orodha yoyote ya serikali yenye kurasa, utafute Lucky Summer. Ukifika ukurasa wa tatu bila kupotea, jedwali hilo lina afadhali. Wahudumu wa ofisi wafanye jaribio hili kabla ya kutangaza. Lakini lisichukue nafasi ya mkazi asiyeona. Yeye ana mazoea ya kisoma skrini kuliko sisi, naye aalikwe kujaribu kabla orodha haijatoka, tena alipwe nauli na muda wake.

Pili, ukikuta jedwali halisomeki, sema kwa usahihi. “Tovuti ni mbovu” haimsaidii fundi. Sema: “Orodha ya miradi, nikibonyeza ukurasa wa pili narudishwa juu.” Au: “Safu ya kiasi haina kichwa.” Fundi akipata maneno hayo anajua pa kushika.

Tatu, usingoje tovuti irekebishwe kama tarehe yako inakaribia. Omba habari hiyo moja kwa moja kwa ofisi husika. Ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, na mtu asiyeweza kuandika kwa sababu ya ulemavu au kutojua kusoma, sheria inamtaka afisa amsaidie kuliandika. Eleza unataka jibu kwa njia gani: faili ya kusikilizwa kwa kisoma skrini, Breli, au kusomewa kwa simu. Ofisi ina siku 21 za kukujibu. Ikiwa habari inahusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Usipojibiwa, au ukinyimwa bila sababu, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile tunayoiita ofisi ya Ombudsman.

Nne, vikao vya bajeti vikija, ulizeni swali hili kabla ya mengine yote: “Jedwali hili la miradi, asiyeona alisomaje kabla ya kuja hapa?” Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inataka wananchi wapate habari kwa wakati ndipo washiriki. Mkazi aliyepewa jedwali lisilosomeka amekuja kikaoni mikono mitupu, hata kama jina lake limo kwenye karatasi ya mahudhurio.

Mwenye swali asogee mbele, na walio nyuma wasiosikia vizuri wainue mkono turudie. Vijana wa tovuti, naomba msiondoke. Kuna wakazi wawili hapa wanaotumia TalkBack kila siku ambao wamekubali kuwaonyesha wanavyosoma jedwali, na mtajifunza mengi kwao kuliko kwangu.